Kuwakusanya Marafiki Nyumbani Bila Makuu: Mwongozo kwa Mwenyeji

Urafiki wa watu wazima huzorota zaidi kwa kukosa kuonana kuliko kwa ugomvi. Kazi, watoto, umbali na uchovu humeza wiki, kisha miezi, na watu waliokuwa wakipigiana simu kila mara hujikuta wakikutana misibani na harusini tu, mahali ambapo hakuna anayepata nafasi ya kukaa na mwenzake akamsikiliza. Dawa yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani: ni kuwaalika watu wachache nyumbani, pasipo shughuli maalumu, kisha kuwaalika tena.

Hilo la kuwaalika tena ndilo lenye uzito. Mwaka 2018 Jeffrey Hall, mtafiti wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, alichapisha utafiti uliokadiria muda ambao watu hutumia pamoja kabla ya kuwa marafiki. Alikuta kwamba kutoka kujuana tu hadi kuwa marafiki wa kawaida kunahitaji takriban saa 50, kuwa marafiki hasa kunahitaji takriban saa 90, na urafiki wa karibu hudai zaidi ya saa 200. Ukizichukua takwimu hizo kama kipimo cha jumla, hesabu yake inaeleweka upesi. Mjumuiko wa saa tatu kila mwezi huzaa saa 36 kwa mwaka, ilhali karamu moja kubwa ya mwisho wa mwaka humpa kila mgeni dakika chache tu za kuzungumza na wewe, nyingi zikiwa za salamu na kuulizana kama kinywaji kimemfikia. Kwa hiyo, katika kila uamuzi utakaofuata, kuanzia idadi ya wageni hadi aina ya chakula, swali la kujiuliza ni kama utaweza kulifanya jambo hilo tena mwezi ujao bila kunung'unika. Lisilorudiwa kwa urahisi, lipunguze hadi lirudike.

Waalike wangapi, na akina nani

Anza na watu wanne hadi wanane, wewe ukiwa miongoni mwao. Robin Dunbar, mwanasayansi wa Uingereza anayejulikana kwa tafiti zake juu ya ukubwa wa makundi ya binadamu, pamoja na wenzake, walichunguza mazungumzo ya kawaida na kuona kwamba kundi la wazungumzaji likizidi watu wanne hivi, mara nyingi hugawanyika lenyewe. Hili halina kasoro, ila mwenyeji anapaswa kulijua. Watu sita watakuwa na mazungumzo mawili yanayobadilishana washiriki jioni nzima, jambo linalopendeza sana. Watu kumi na wawili watakuwa na vikundi vitatu au vinne, na mwenyeji atageuka mhudumu anayezunguka kati yao pasipo kukaa popote. Mtu akikwambia kwamba alikuwa na wageni thelathini na hakuongea na yeyote, usishangae.

Katika kuchagua, hakikisha kila mgeni anamfahamu angalau mtu mmoja mwingine zaidi yako, hata kama ni kwa sura. Mgeni asiyemjua yeyote hubaki akikufuata jikoni, na wewe unaanza kugawanyika kati ya sufuria na huruma. Ikiwa ni lazima umwalike mtu aliye mgeni kabisa kwa wenzake, mwambie mmoja wa wale unaowaamini mapema: "Atakuja rafiki yangu ambaye amehamia karibuni na hajui mtu, naomba ukae naye mwanzoni." Ombi dogo kama hilo humpa rafiki wa zamani kazi anayoifurahia, na humwondolea mgeni mpya dakika za kusimama kando akijifanya anaangalia picha ukutani.

Jihadhari pia na kundi ambalo wote wanatoka ofisi moja. Watu hao watazungumza habari za kazi hadi saa ya kuondoka, na mwenza wa mmoja wao aliyeambatana naye atahisi kama amekaa katika kikao kisichomhusu. Mchanganyiko unaofaa ni wa watu wenye jambo moja la kuwaunganisha na mawili ya kuwatofautisha. Mtu mmoja anayefanya kazi tofauti kabisa na wengine huleta hadithi ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia, na huwalazimisha wenzake kueleza za kwao kwa lugha ya kueleweka.

Siku maalumu na mwaliko unaoeleweka

Mipango mingi hufia kwenye swali "Tukutane lini?" Swali hilo likitupwa katika kundi la watu wanane kwenye simu, litajibiwa na watatu, wawili kati yao wakipendekeza siku zinazogongana, kisha litafunikwa na picha na vichekesho hadi lisahaulike. Mwenyeji mwenye busara huchagua siku yeye mwenyewe, na ikiwezekana huchagua siku isiyobadilika, kama vile Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi au Jumapili ya mwisho. Siku ikijulikana, watu hupanga mambo yao kuizunguka, na anayekosa mwezi huu anajua bila kuuliza ni lini atapata nafasi nyingine. Wapo ambao siku hiyo haitawafaa kamwe. Hao waalike kwa njia nyingine, lakini usiivunje siku ya wengi kwa ajili ya ratiba ya mmoja.

Mwaliko wenyewe utaje mambo manne: siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na kile ambacho mgeni anatarajiwa kuleta au kutoleta. Saa ya kumaliza ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye manufaa zaidi. Mzazi mwenye mtoto mdogo, mtu anayeamka alfajiri, na yule anayechoka upesi mbele za watu, wote hukubali kwa wepesi wakijua kwamba hawatahitaji kutafuta kisingizio cha kuondoka. Ujumbe ufaao unaweza kuwa hivi:

"Habari za siku nyingi. Alhamisi hii nitakuwa na marafiki watano au sita hapa nyumbani, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Hakuna sherehe yoyote, tunakaa na kuzungumza tu. Chakula chepesi kipo, usijisumbue kubeba kitu. Ningefurahi kukuona. Ukibanwa hakuna neno, mwezi ujao tupo tena."

Sentensi ya mwisho haikuwekwa kwa adabu tu. Inamwambia mgeni kwamba kutokuja kwake hakutahesabiwa, na kwamba mlango haufungwi. Watu wengi huacha kuitikia mialiko si kwa kutopenda, bali kwa aibu ya kuwa walikosa mara mbili zilizopita na sasa wanaona haya kujitokeza. Maneno "ningefurahi kukuona" nayo yana kazi yake, maana yanatofautisha mwaliko na tangazo. Kwa sababu hiyo hiyo, mtumie kila mtu ujumbe wake peke yake walau mara ya kwanza, hata kama maneno yanafanana. Kundi la pamoja litafaa baadaye kwa kukumbushana.

Kuna kusitasita ambako humpata karibu kila mwenyeji kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, hasa anapomwandikia rafiki ambaye hawajaongea kwa miaka. Huwaza kwamba huenda ataonekana king'ang'anizi, au kwamba ukimya umekuwa mrefu mno. Mwaka 2022 mtafiti Peggy Liu na wenzake walichapisha majaribio kadhaa yaliyohusu jambo hili, na yalionyesha kwamba watu hukadiria chini ya kiasi thamani ambayo mpokeaji huipa salamu ya mtu aliyemkumbuka. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi pale salamu ilipokuja bila kutarajiwa. Tuma ujumbe. Asipojibu, mpe wiki moja kisha mpigie simu mara moja, na hapo umetimiza sehemu yako.

Chakula na nyumba

Hapa mwongozo unaweza kuwa mfupi, kwa kuwa ndipo wenyeji wanapopoteza nguvu nyingi kwa faida ndogo. Pika au nunua kitu ambacho kitakuwa tayari kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi, kinacholiwa vizuri kikiwa vuguvugu au kimepoa, na kisichohitaji wewe usimame jikoni wakati wengine wanacheka sebuleni. Aina moja ya chakula cha kushibisha na moja au mbili za vitafunio zatosha. Uliza mapema kama kuna asiyekula kitu fulani kwa sababu ya afya, mzio au imani, na upange chakula chote kiwe kinaweza kuliwa na mtu huyo, badala ya kumwandalia kisahani chake cha pembeni kinachomfanya ajieleze kwa kila jirani. Kama kuna vileo, weka vinywaji visivyo na kileo mahali pale pale, kwa wingi ule ule na kwa bilauri zile zile, ili asiyekunywa asilazimike kuomba.

Kuhusu usafi, safisha choo, meza na mahali pa kukaa, na vilivyobaki vifungie chumbani. Nyumba inayong'aa kupita kiasi humfanya mgeni aogope kumwaga maji.

Mpangilio wa viti, kwa upande mwingine, unastahili kufikiriwa kwa makini, na ni wachache wanaoufikiria. Katika miaka ya 1950 daktari Humphry Osmond, aliyekuwa akiongoza hospitali ya magonjwa ya akili huko Weyburn, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, aliona kwamba baadhi ya vyumba huwavuta watu kukaribiana na vingine huwatawanya. Mwanasaikolojia Robert Sommer, aliyefanya kazi pale pale, aliangalia wodi ya wanawake wazee iliyokuwa imekarabatiwa ikapendeza, lakini wagonjwa wake walikaa kimya mchana kutwa. Viti vilikuwa vimepangwa kwa mistari, vingi vikiwa vimeegemea ukuta, bega kwa bega. Viliposogezwa na kuzungushwa kwenye meza ndogo, mazungumzo yaliongezeka. Sommer aliona pia, katika ukumbi wa chakula, kwamba watu wanaokaa kwenye kona ya meza, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili wa kona hiyo, huongea zaidi kuliko wanaokabiliana kutoka pande mbili za meza.

Sebule nyingi zimepangwa kama wodi ile: makochi yamepanga foleni ukutani, katikati kuna uwanja mtupu, na macho yote yanaelekea kwenye televisheni. Kabla ya wageni kufika, zima televisheni, vuta viti viache ukuta, na viwe katika duara lisilo kamili ambalo mtu anaweza kunyoosha mkono akaweka bilauri mezani bila kuinuka. Viti viwili uviweke kwa pembe, magoti yakielekea upande mmoja, kwa ajili ya wale watakaotaka kuongea wawili. Acha nafasi ya kupita, ili anayetoka kwenda kuchukua maji akirudi aweze kukaa kwingine pasipo kuonekana kama amehama kwa kuchoshwa. Viti visipotosha, mito na mkeka sakafuni hufaa zaidi kuliko kuazima viti vya plastiki vinavyoifanya sebule ifanane na ukumbi wa mkutano.

Muziki uwe wa chini kuliko unavyodhani unafaa. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 jinsi mtu anavyopandisha sauti bila kujua pale kelele zinapomzunguka, na hali hiyo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Sebuleni matokeo yake ni kwamba kila kikundi hupandisha sauti kukishinda kingine, na baada ya saa moja wote wanapiga kelele, huku mgeni mwenye usikivu hafifu akiwa ameshaacha kufuatilia na anatabasamu tu wengine wanapocheka.

Robo saa ya kwanza

Mgeni wa kwanza ndiye aliye katika hali ngumu kuliko wote. Amefika kwa wakati, anakuta mwenyeji peke yake, na anajiuliza kama amewahi mno. Usimwambie "karibu ukae" kisha ukarudi jikoni. Mpe kazi ndogo ya kweli: apange bilauri, akate matunda, afungue dirisha, achague muziki. Mikono ikiwa na shughuli, mdomo hufunguka wenyewe, na atakayefuata akibisha hodi atawakuta watu wawili wanaozungumza badala ya mmoja aliyejikunyata kwenye kochi. Mgeni wa pili naye apewe kazi pamoja na wa kwanza. Ninaamini kwamba kwa mbinu hii pekee robo saa ya mwanzo inaweza kuokolewa.

Unapowajulisha watu, majina peke yake hayatoshi, na vyeo hudhuru zaidi kuliko vinavyosaidia, kwa sababu humweka mtu katika daraja kabla hajafungua kinywa. Wape jambo la kushika. Badala ya kusema "Huyu ni mhasibu, na huyu ni mwalimu," sema: "Nilikuwa nataka mkutane kwa muda mrefu. Huyu anajifunza kuogelea katika umri wa miaka arobaini, na wewe uliwahi kuniambia kwamba unayaogopa maji." Wape dakika moja ya kucheka, kisha ondoka. Ukibaki, watazungumza na wewe badala ya kuzungumza wao kwa wao.

Anayechelewa aingizwe katika mazungumzo, asiachwe ayabahatishe. Mtu mmoja, akiwa mwenyeji au mwingine, akatize kidogo na kusema: "Tulikuwa tunasimuliana kazi zetu za kwanza kabisa, yake ilidumu siku mbili." Sentensi moja kama hiyo humwezesha aliyechelewa kucheka pamoja na wengine papo hapo. Kumwuliza kwa nini amechelewa kusiwepo kabisa.

Kuyalea mazungumzo

Mwaka 2018 mwanasaikolojia Erica Boothby na wenzake walionyesha, katika utafiti wao, jambo ambalo kila mwenyeji angepaswa kulikumbuka: baada ya kuzungumza na mtu wasiyemjua, watu kwa kawaida huamini kwamba hawakupendwa sana, ilhali mwenzao aliwapenda kuliko wanavyodhani. Kwa maneno mengine, karibu kila aliyekaa sebuleni mwako anajidhania kuwa ndiye anayechosha. Kazi ya mwenyeji ni kuipunguza hofu hiyo, na njia ya uhakika ni kumwuliza mtu swali la pili. Utafiti wa Karen Huang na wenzake wa mwaka 2017 ulikuta kwamba wanaouliza maswali zaidi, hasa yale yanayofuatilia jibu lililokwisha kutolewa, hupendwa zaidi na wanaozungumza nao. Mgeni akisema ameanza kulima bustani ndogo, usimjibu kwa habari za bustani yako. Mwulize ni kitu gani kilichokataa kuota. Wageni wengine watakuiga bila kuagizwa.

Maswali mazuri ya mjumuiko hayajibiwi kwa neno moja wala hayamlazimishi mtu kufungua kabati la siri zake. "Kazi inaendeleaje?" huleta "inaendelea." "Ni kitu gani ulichokifanya mwezi huu kwa mara ya kwanza?" huleta kisa. "Ni nani aliyekufundisha kupika?" huleta ukoo mzima. Maswali ya kuepuka ni yale yanayopima maisha ya mtu kwa ratiba ya wengine: ataoa au kuolewa lini, mbona hajapata mtoto, mshahara unatosha, kwa nini aliacha kazi. Huenda muulizaji ana nia njema, lakini anayeulizwa huondoka na jeraha, na mwezi ujao atakuwa na udhuru.

Mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walichapisha mwaka 1997 jaribio lililopata umaarufu, ambamo watu wawili wasiojuana waliulizana maswali 36 kwa takriban dakika 45, maswali yakianza mepesi na kuzidi kuwa ya ndani, na wakaishia kujihisi karibu zaidi kuliko waliopewa maswali ya juu juu. Wapo wenyeji waliolichukua hilo na kuchapa maswali kwenye kadi za kuzungushana. Mimi sishauri hivyo, isipokuwa kundi lenyewe limeomba, kwa kuwa watu wazima wakipewa kadi huanza kujibu kama wanafunzi. Funzo la kuchukua ni mfuatano wake: uzito wa mazungumzo upande hatua kwa hatua, na anayetaka wengine wajifungue aanze yeye kusema la kwake. Mwenyeji akikiri kwa utulivu kwamba mwaka huu umemwia mgumu, atakuwa amewapa wengine ruhusa. Asipokubali mtu kuipokea, na mazungumzo yarudi kwenye mambo mepesi bila mtu kulaumiwa.

Si kila rafiki anapenda kukaa uso kwa uso akizungumza saa tatu. Wengine, na si haba, huongea vizuri zaidi wakiwa wameinamia kitu. Weka mezani mchezo wa karata, fumbo la picha la vipande vingi, nguo za kushona vifungo, au chakula kinachohitaji kukunjwa na kujazwa na mikono mingi. Shughuli hiyo iwe ya kuingia na kutoka, isiwe na sheria ndefu wala mshindi anayesubiriwa na wote. Faida yake ni kwamba ukimya unakuwa wa kawaida: watu wanaofanya kitu pamoja wanaweza kunyamaza dakika mbili bila mtu kuhisi kwamba kuna tatizo.

Mzungumzaji anayeteka jioni nzima hatulizwi kwa kukatizwa mbele za watu. Subiri aweke nukta, mshukuru kwa kisa chake, kisha mgeukie mwingine kwa jina: "Hilo linanikumbusha, wewe nawe ulipata safari kama hiyo." Akirudia, mwombe akusaidie kubeba sahani, na atakaporudi atakuta mada imehama. Kwa aliye mkimya, usimwite mbele ya wote kwa kumwambia "mbona huongei?", maana hapo ndipo atakapozidi kujifunga. Kaa naye kwenye kile kiti cha pembeni, umwulize jambo unalojua analipenda, kisha mvute mtu wa tatu. Na ukimwona ameridhika kusikiliza, mwache. Kuna watu ambao kuwapo kwao ndiko kushiriki kwao.

Simu ni suala gumu zaidi, kwa sababu amri ya kuzikusanya kwenye kikapu huwafanya wazazi na wenye wagonjwa nyumbani kutotulia. Inatosha mwenyeji aiweke yake mbali na macho tangu mwanzo, na asipige picha za wageni wakila. Kama picha ni lazima, iwe moja, mwishoni, kwa ridhaa ya wote, na isipelekwe mtandaoni kabla ya kuwauliza. Wako marafiki ambao hawakualikwa safari hii, na wataiona.

Ukizuka ubishi wa siasa au dini, uache uende madamu watu bado wanaulizana maswali. Zikibaki kauli tupu, inuka, leta chakula au vinywaji, na uombe watu wasogee. Kubadilisha mkao hukatiza ubishi kwa heshima kuliko kutoa hukumu.

Kufunga na kuendelea

Mwanasaikolojia Adam Mastroianni na wenzake walichapisha mwaka 2021 utafiti uliohusu lini mazungumzo hukoma, wakakuta kwamba karibu hayakomi kamwe katika wakati ambao wote wawili wanautaka: kuna anayetaka kuondoka na anaona haya, na kuna anayetaka kubaki na anadhani mwenzake amechoka. Kwa hiyo mwenyeji ndiye mwenye jukumu la kufunga. Dakika kumi na tano kabla ya saa uliyoitaja, acha kujaza bilauri na useme kwa sauti ya kawaida: "Nimefurahi sana kuwaona. Saa mbili inakaribia, na najua wapo wanaoamka mapema. Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao tutakuwa hapa tena." Tarehe itajwe watu wakiwa bado wamekaa, kwa maana wakishasimama kutafuta viatu hakuna anayesikia. Anayetaka kubaki kidogo aoshe vyombo pamoja nawe, ikiwa mmezoeana kiasi hicho. Mazungumzo ya ndani kabisa mara nyingi hufanyika pale kwenye sinki, mtu akiwa amekupa mgongo.

Mgeni msindikize hadi mlangoni au nje kidogo, kila mmoja kwa zamu yake. Dakika hiyo moja ni ya kwake peke yake, na wapo wanaoitumia kusema lile ambalo hawakuweza kulisema mbele ya wengine.

Kesho yake, badala ya kutuma shukrani ya jumla, waandikie wawili au watatu jambo mahususi: jina la kitabu walichoulizia, namba ya fundi baada ya kumwomba fundi mwenyewe ruhusa, au "nimeendelea kuwaza ulichosema kuhusu mama yako." Waunganishe pia wale waliozungumza kwa muda mrefu na wakasahau kupeana namba, ukianza kwa kumwuliza kila mmoja kama anaridhia. Siku wageni wako watakapoanza kukutana bila wewe, usinune. Hiyo ndiyo ishara kwamba kundi limeshika.

Kuna mwezi ambao watakuja wawili tu. Usiombe radhi kwa ajili ya wasiokuja wala usiwahesabu mbele ya waliofika. Ondoa viti vilivyozidi, hamieni kwenye meza ndogo, na mtumie nafasi ya kuongea kwa kina ambayo watu sita wasingewapa. Na kuna mwezi ambao mwenyeji mwenyewe atakuwa amechoka. Usiufute mjumuiko, upunguze: waambie wageni kwamba mwezi huu kuna vinywaji tu na mwisho ni saa moja na nusu, au mwombe mmoja wao apokee zamu nyumbani kwake kwa siku ile ile na saa zile zile. Anayepokea zamu apewe ujumbe wa mwaliko uliokwisha kuandikwa, orodha ya wasiokula vitu fulani, na uhuru wa kufanya mengine yote kwa namna yake.